Kufundisha Kiingereza nje kwa pasi ya Tanzania: Thailand, China, Vietnam, Ghuba, au Kiswahili chako?

Kila ifikapo Juni hadi Agosti, Moshi hujaa vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani. Kuna wenye miaka kumi na tisa, hawana cheti chochote cha ualimu, wamelipa hela ili waje, na wiki hiyohiyo wanasimama mbele ya darasa la Pasua au Majengo wakifundisha Kiingereza. Mwalimu mwenye darasa lake, aliyesota chuoni miaka mitatu na kula chaki miaka mingine sita, anasogea pembeni awapishe. Baadaye kijana huyo, akiwa Mmarekani au Mwingereza, akipata shahada ya kwanza, hata iwe ya muziki, Korea Kusini itampokea awe mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Pasua, hata kama anaandika Kiingereza safi kuliko cha yule kijana, fomu yake haitafika popote.

Walimu wengi wa Arusha na Moshi wanaouliza habari za kufundisha nje huanza na swali moja: "Kiingereza changu kinatosha?" Kwa wengi wao kinatosha kabisa. Ofisa wa viza, hata hivyo, ana maswali yake matatu kabla hajasikia sauti yako: pasi ni ya nchi gani, shahada ni ya nini, na umesomeshwa kwa lugha gani tangu utotoni. Nchi hizi hupishana zaidi kwenye maswali hayo kuliko kwenye mshahara, kwa hiyo nimezilinganisha kwa kufuata maswali yenyewe. Mshahara utakuja baada ya hapo.

Milango iliyofungwa

Korea Kusini tuimalize mapema. Viza ya kufundisha lugha, E-2, kwa upande wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wahindi walipata upenyo mdogo kupitia mkataba wa biashara kati ya nchi yao na Korea, tena kwa wenye sifa za ualimu tu. Sisi hatumo. Ukikutana na wakala pale Kaloleni anayeuza "nafasi za ualimu wa Kiingereza Korea" kwa Mtanzania, muulize viza yenyewe ni ya aina gani, halafu nyamaza umsikilize.

Japani ina ukali wa namna nyingine, na huu unanivutia kwa sababu unafukua shule ya msingi uliyosoma. Mtu asiye mzawa wa Kiingereza anayeomba kwenda kukifundisha hutakiwa kuonyesha kwamba amesoma kwa Kiingereza miaka isiyopungua 12. Sasa piga hesabu ya Kitanzania. Aliyeanzia shule ya msingi ya serikali alisoma miaka 7 kwa Kiswahili. Kiingereza kilianza kuwa lugha ya kufundishiwa kidato cha kwanza. Miaka 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, 3 ya chuo: jumla 9. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza huko Njiro ana 7, 4 na 2, yaani 13 kabla hata hajagusa chuo. Huyu wa pili ana hoja ya kupeleka Japani. Wa kwanza hana, hata kama ndiye aliyekuwa akimsahihishia mwenzake insha kidato cha sita. Kwa hiyo kama umesoma Njiro, Japani iweke kwenye orodha ya mbali. Kama umesoma Kayumba, ivuke.

Thailand: mlango ulio wazi zaidi, na wenye utelezi zaidi

Kwa mwalimu wa Kiingereza mwenye pasi yetu, Thailand ndiyo nchi ya kuanza kuifikiria. Wafilipino wamejaa kwenye shule zake, Wakameruni nao wapo wengi, na serikali yake ina utaratibu rasmi wa kumpokea mwalimu asiye mzawa wa Kiingereza. Kwenye matangazo ya kazi utaona herufi NES kwa mzawa na Non-NES kwa mtu kama wewe. Usikasirike ukaacha kusoma. Tangazo lenye Non-NES ndilo lako.

Wanataka shahada ya kwanza, na asiye mzawa aongeze matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Unaojulikana zaidi huko ni TOEIC, na alama inayotajwa ni 600 kati ya 990. Mtu aliyesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza hatatokwa jasho, ila matokeo hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye mtihani mapema halafu ukakaa nayo kabatini. Shule nyingi hudai pia cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni cha saa 120. Ongeza cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Hapa shahada ya elimu inalipa. Mwenye shahada ya biashara au utalii hufundisha kwa msamaha wa muda unaotolewa na baraza la walimu la Thailand, Khurusapha, wa miaka 2 kwa mara moja, na akiendelea atasumbuliwa kuhusu leseni. Mwenye shahada ya elimu, wale wa vyuo vikuu vya Mwenge, Makumira na kwingineko, ana msingi wa kuomba leseni yenyewe. Ni faida ambayo wazawa wengi wa Kiingereza wanaofundisha huko hawana, basi iandike juu kabisa ya wasifu wako.

Mshahara wa Non-NES kwenye matangazo mengi huanzia kama baht 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na mzawa kwenye shule ileile huzidi hapo. Tuseme umepata 25,000, mkoani na si Bangkok. Chumba 5,000, chakula na usafiri 9,000, simu na madogo madogo 1,500. Imebaki kama 9,500. Kwa baht moja kuzunguka shilingi 75 hivi, hiyo ni zaidi kidogo ya laki saba za akiba. Wapo wanaoweka zaidi kwa kufundisha tuisheni jioni, wapo wasioweka kitu kwa sababu ya Bangkok. Angalia pia mkataba ni wa miezi mingapi. Mawakala wengi wa huko huandika mkataba wa miezi 10 au 11, na likizo ndefu ya Machi na Aprili unakula ulichobakiza. Mshahara wa 25,000 kwa miezi 10 ni mdogo kuliko wa 22,000 kwa miezi 12, na ajabu ni jinsi watu wanavyoukimbilia ule wa kwanza.

Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba. Maombi hufanyika miezi miwili mitatu kabla. Tangu Januari 2025 viza yao huombwa kwa mtandao, jambo lililotupunguzia safari.

Utelezi sasa. Utaambiwa: "Njoo na viza ya utalii, utabadilishiwa ukifika." Wapo waliobadilishiwa kweli. Lakini siku zote unazofundisha bila kibali cha kazi, wewe ndiye mhalifu mbele ya sheria yao, na faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000, pamoja na kurudishwa kwenu. Shule inayokutaka kwa dhati itakutumia barua na nyaraka uombe viza ya kazi, Non-B, ukiwa bado hapa.

La pili ni zito zaidi. Ukiitwa kazi ya Thailand halafu ukaelekezwa Mae Sot, mji ulio mpakani na Myanmar, usipande hilo gari. Ng'ambo ya mto kuna makambi ya utapeli wa mtandaoni wanakofungiwa watu walioitwa kwa kazi nzuri, wakiwamo Waafrika Mashariki. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wamelazimishwa kazi hiyo Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia. Wanaowindwa ni watu wenye elimu na Kiingereza kizuri. Yaani walimu.

Jambo la mwisho kuhusu Thailand: wataomba picha, na picha itaamua. Kuna shule zitakazokukataa kwa rangi na hazitaficha. Tuma maombi mengi kuliko unavyodhani ni ya kawaida. Darasani kwenyewe hutakuwa na shida. Watoto 50 kwenye chumba kimoja hawamtishi mtu aliyefundisha shule ya kata.

China: usiende kufundisha Kiingereza, nenda kufundisha hesabu

China hulipa vizuri kuliko Thailand, mara nyingi pamoja na nyumba, na ndiyo inayowachanganya watu wetu kuliko zote. Utaratibu wa huko unataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 2. Uzoefu huo husamehewa kwa mwenye shahada ya elimu au cheti cha ualimu kinachotambuliwa. Kigingi chetu ni hiyo lugha ya kuzaliwa. Mamlaka za miji hutofautiana kidogo, lakini mwalimu wa Kiingereza wa Kitanzania anayeomba kibali huku pasi yake ikisema Tanzania ana safari ngumu.

Mwenzake aliyesoma shahada ya elimu kwa hesabu na fizikia, je? Huyo haombi kazi ya lugha. Anaomba kufundisha somo, kwa Kiingereza, kwenye shule zenye mitaala ya kimataifa, na anapimwa kwa shahada ya somo lake na uzoefu. Hapo mlango upo. Kwa hiyo tunafika mahali pa ajabu: mwalimu wa fizikia wa Sakina, anayesema Kiingereza cha kuunga unga, ana nafasi kubwa ya kufundisha kwa Kiingereza China kuliko jirani yake aliyebobea katika Kiingereza chenyewe.

Soko lenyewe pia si lile la zamani. Julai 2021 serikali ya China ilibana tuisheni za baada ya shule, na kampuni kubwa zilizokuwa zikiajiri maelfu ya walimu wa Kiingereza zikafunga au zikabadilisha biashara. Simulizi za mtu aliyeenda 2016 akarudi na gari si mwongozo wa leo.

Neno kwa vijana wetu walioko China kimasomo: chekechea ya mtaani itakufuata ikupe yuan za mkono kwa saa. Viza ya mwanafunzi bila idhini haikuruhusu. Sheria yao ya uhamiaji inataja faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana kubwa, kizuizini siku 5 hadi 15. Ukifukuzwa unapoteza na shahada uliyokuwa ukiisomea.

Vietnam

Vietnam ipo katikati ya hizo mbili. Inamkubali asiye mzawa kama ana shahada ya kwanza na cheti cha kufundishia, na ama shahada yake iwe ya Kiingereza au ualimu wa lugha, ama athibitishe kiwango cha juu cha Kiingereza, C1, kwa mtihani kama IELTS. Nyaraka hupitishwa ubalozini kwao Dar es Salaam. Kazi nyingi ziko kwenye vituo vya lugha, jioni na wikiendi, kwa malipo ya saa, na saa ya asiye mzawa ni ya bei ya chini. Anayependa mshahara wa uhakika mwisho wa mwezi atateseka mwanzoni. Anayejua kujitafutia wanafunzi atapenda. Vituo huajiri mwaka mzima, na hilo ndilo jema lake kubwa kwa mtu aliyekosa msimu wa Thailand.

Ghuba: pasi haina neno, makaratasi ndiyo yenye neno

Ukitoka Asia Mashariki ukaingia Falme za Kiarabu, Oman au Qatar, swali la uzawa wa lugha hupungua makali. Shule binafsi za huko zimejaa Wahindi, Wafilipino, Wamisri, Waafrika Kusini na Wakenya. Wanachotaka ni shahada ya elimu au ya somo, mara nyingi na uzoefu wa miaka 2, vyote vikiwa vimethibitishwa: vyeti vinapita Wizara ya Mambo ya Nje kwetu, kisha ubalozi wa nchi uendako. Ubalozi uko Dar, basi la siku nzima kutoka Arusha. Panga safari moja yenye kila karatasi badala ya kwenda kipande kipande. Faida yetu ndogo: vyeti vyetu vya sekondari na chuo tayari vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo gharama ya kutafsiri haituhusu.

Shule hizo si za aina moja. Yenye mtaala wa Uingereza hupenda mwalimu aliyesomea ualimu Uingereza, ya mtaala wa Kihindi hupenda Mhindi. Ya ada ya kati, ambayo haina uwezo wa kumlipa Mwingereza, ndiyo inayokutazama wewe. Hapo kinachokupandisha ni kuwa umefundisha mtaala unaotambuliwa nje. Kwa maoni yangu, miaka miwili kwenye shule ya Arusha au Moshi yenye mtaala wa Cambridge au IB ina uzito kuliko cheti chochote cha mtandaoni. UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, ni ya IB, na zipo nyingine mjini zenye mtaala wa Cambridge. Hata nafasi ya mwalimu msaidizi huko, kwa mshahara usiofurahisha, ningeichukua.

Kwenye hela, Falme za Kiarabu na Qatar hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara wako. Fedha zao zimefungwa kwenye dola, kwa hiyo unachokubaliana leo hakiyumbi: dola moja ni dirham 3.67, na rial moja ya Oman ni dola 2.6. Falme za Kiarabu zina kiinua mgongo kwa aliyetimiza mwaka: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. Neno "msingi" lisome mara mbili. Mwajiri mjanja huandika msingi mdogo na posho kubwa, na kiinua mgongo chako kinanywea. Oman ina jambo jingine lisilo la hela: Muscat utasikia Kiswahili sokoni, cha watu ambao familia zao zilitoka Zanzibar na bara, na mgeni wa mwezi wa kwanza huko hajihisi yatima.

Ubaya wa Ghuba ni mfumo wa mdhamini. Ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri. Umelegea: Qatar iliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri ili kubadili kazi mwaka 2020, na Oman kuanzia Januari 2021 inamruhusu aliyemaliza mkataba kuhamia kwingine bila barua ya mwajiri wa zamani. Lakini kulegea si kuisha. Kwa dada zangu nasema jingine: tangazo la "mwalimu wa watoto nyumbani" lichunguze kazi iliyoandikwa kwenye kibali cha kuingia. Ikiwa imeandikwa mfanyakazi wa nyumbani, wewe ni yaya, na mambo ya shahada yataishia uwanja wa ndege. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakataza mwajiriwa kutozwa gharama za kuajiriwa na inakataza mwajiri kumnyang'anya pasi. Ujue hivyo kabla hujamlipa mtu "ada ya nafasi".

| | Mwalimu wa Kiingereza wa Tanzania | Wanachobana zaidi | Shule huanza |
|---|---|---|---|
| Thailand | Anaingia | Mtihani wa Kiingereza, leseni | Mei, Novemba |
| China | Shida. Somo jingine afadhali | Lugha ya kuzaliwa | Septemba, Februari |
| Vietnam | Anaingia | Shahada ya lugha au C1 | Vituo mwaka mzima |
| Ghuba | Anaingia | Uzoefu, uthibitisho wa vyeti | Mwisho wa Agosti |
| Japani | Aliyesoma mchepuo wa Kiingereza | Miaka 12 ya masomo kwa Kiingereza | Aprili |
| Korea Kusini | Hapana | Pasi | |

Na pale ambapo wewe ndiye mzawa

Korea hiyohiyo iliyokukatalia Kiingereza ina chuo kikuu, Hankuk cha lugha za kigeni, kinachofundisha Kiswahili. Osaka huko Japani wanakifundisha pia, na Beijing Foreign Studies University, na vyuo kadhaa vya Ujerumani na Marekani. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na Uganda mwaka huohuo iliamua kiwe somo la lazima shuleni. Ukisoma habari hizi haraka utadhani ajira zimemwagika. Hazijamwagika. Nafasi za vyuo vikuu ni chache, aghalabu zinadai shahada ya uzamili au zaidi, na mwenye nafasi hatoki upesi.

Upenyo mzuri kwa kijana, hadi 2025, ulikuwa Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani ambao kwa miaka mingi ulipeleka Watanzania kusaidia kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, miezi kama 9. Uliwalenga walimu vijana, wa miaka 21 hadi 29, hasa walimu wa Kiingereza. Haukutoa kazi ya kudumu, na ilikuwa lazima urudi. Lakini aliyerudi na mwaka mmoja wa kufundisha chuoni Marekani, hata shule ya Dubai humsoma upya.

Kwa anayeishi huku, kufundisha wageni Kiswahili ni kazi iliyokuwepo kabla ya intaneti. Chuo cha MS TCDC pale Usa River kimefanya hivyo kwa miongo mingi, na Arusha na Moshi hazikosi mmishonari mpya, daktari wa hospitali ya KCMC aliyetoka nje au mtafiti wa wanyama anayetaka mwalimu wa jioni. Jifunze mbinu zake rasmi, na jiandikishe kwenye kanzidata ya wataalamu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Kuzaliwa na Kiswahili hakukufanyi ujue kumweleza Mjerumani ngeli za nomino.

Mtandaoni ndiko lugha zako mbili zinapokutana. Majukwaa ya Preply na italki huwapokea wasio wazawa kufundisha Kiingereza, na wewe unajipangia bei. Preply hukata asilimia 33 mwanzoni na kushuka hadi 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka, tena somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya linakwenda lote kwao. italki hukata 15. Kwa Kiingereza utashindana na Wafilipino kwa bei ya kutupa. Kwa Kiswahili washindani ni wachache na bei inasimama, ila wanafunzi ni wachache pia. Wanaofanikiwa huweka vyote viwili kwenye wasifu mmoja. Saa za Asia zinatufaa: saa moja jioni Beijing ni saa nane mchana Arusha, kipindi ambacho mwalimu wa zamu ya asubuhi ameshafika nyumbani. Kabla hujaanza, hakikisha jukwaa lina njia ya kulipa inayofika benki yako, na uwe na bando la akiba la siku umeme ukikatika.

Nani aende wapi

Mwenye cheti cha daraja A au stashahada asiende popote kwa sasa. Nchi zote nilizozitaja zinataka shahada, na wakala anayesema "hata diploma inapita" anamaanisha inapita mlango wa nyuma. Chuo Kikuu Huria kina vituo Arusha na Moshi; mtu anaweza kupandisha huku anafundisha. Mawakala wenyewe wanatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi, na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ndipo pa kuuliza kabla ya kutoa senti.

Mhitimu wa shahada ya elimu ya Kiingereza aliye mtaani akisubiri ajira, hana familia inayomtegemea sana: Thailand, muhula wa Novemba. Ana muda wa kufanya TOEIC na kukusanya vyeti bila haraka. Asianze na nauli. Aanze na pasi, shilingi 150,000, kisha cheti cha polisi, kisha mtihani. Cheti cha kufundishia cha saa 120 cha mtandaoni kinamtosha. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, yenye saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa, ni bora mara nyingi lakini bei yake inafaa kwa mtu aliyeamua kwamba hii ndiyo kazi ya maisha. Na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, deni haliishii Namanga. Huko nje hakuna mwajiri wa kukukata asilimia 15 kila mwezi, kwa hiyo alipe mwenyewe, la sivyo linamsubiri.

Mwenye miaka mitatu minne shule binafsi na mke au mume na watoto: Ghuba, kwa mkataba unaotaja nyumba na tiketi. Mwenye hesabu au sayansi aitazame China kabla ya Ghuba.

Anayebaki ni mwalimu aliyeajiriwa na serikali, na kwake mimi huwa mzito. Akiondoka bila ruhusa ni utoro, na shauri lake litaisha kwa kufukuzwa. Aombe likizo bila malipo kwa maandishi, asubiri jibu mkononi. Halafu afungue taarifa zake za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 13 kazini anayewaza Bangkok, ningemwambia ajaze kwanza hiyo miwili. Mwenye miaka 3 hana cha kusubiri hapo. Aombe likizo yake mapema, maana barua kutoka halmashauri hadi Dodoma na kurudi huweza kumpita Mei yote ya Thailand.